Mazoea Mema Yanaanzia Wapi?



Juma lililopita, kisha ibada, mama mmoja alituuliza ulizo ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Alisema: "Shemasi, kila mwanzo wa mwaka naahidi mbele ya Mungu kwamba nitabadilisha maisha ya nyumba yangu. Mwezi wa pili unanikuta vilevile. Je, imani yangu ni ndogo?" Tulimwomba atupe muda. Somo hili ni jibu kwake, na kwa wengine wanaojiuliza hivyo moyoni bila kusema.

Mara nyingi si imani iliyo ndogo. Ni ahadi iliyo kubwa mno, nayo haina saa wala mahali. Mtu anasema, "Nitasali zaidi." Saa ngapi? Anasema, "Nitatunza franka." Ndani ya nini, na siku gani ya juma? Hapo ananyamaza.

Tufungue kitabu cha Danieli, sura ya 6, kila mmoja aisome mwenyewe nyumbani. Danieli alikuwa na chumba chake, na madirisha yaliyofunguka upande wa Yerusalemu, na mara tatu kwa siku alipiga magoti. Amri ya mfalme ilipotoka, hakuanza kutafuta namna ya kusali. Alifanya kama alivyozoea kufanya tangu mbele. Wahubiri wanapenda sana kufika haraka kwenye simba; sisi tunaomba mkawie kidogo kwenye yale madirisha. Ujasiri wa siku ile ulikuwa umejengwa katika siku nyingi za kawaida, ambazo hakuna mtu aliyezisimulia.

Sasa tuseme ya kwetu wenyewe, maana si vizuri kufundisha wengine na kuficha yako. Kabla ya kubatizwa tulikuwa tukifanya kazi ya useremala hapa Lubumbashi, na malipo yalitoka kila siku ya posho. Katika njia ya kurudi nyumbani palikuwa kiwanja kimoja walipouza lutuku. Tulijiambia kwamba sisi si walevi, tunasalimia wandugu tu. Siku moja tukamkuta binti yetu, aliyekuwa darasa la tatu, amekaa kwenye mlango na mfuko wake wa shule. "Baba, wamenirudisha. Wamesema nije na minervali." Ilikuwa kabla ya mwaka 2019, wakati wazazi walikuwa bado wanalipa katika shule za msingi za serikali. Tuliingiza mkono mfukoni. Nusu ya franka ilikuwapo. Nusu ingine tulijua tumeiacha wapi, na mama wa nyumba alijua pia, ingawa hakusema neno.

Usiku ule tulilia na tukaahidi. Posho iliyofuata tulikunywa. Tukaahidi tena, mara ya pili na ya tatu, na mara zote tukaanguka. Mwishoni tulikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa, tukitazamia atuamuru kufunga siku saba. Yeye akauliza tu: "Mwanangu, ukitoka kazini unapita njia gani?" Tulipomweleza, akasema: "Kesho pita upande wa soko. Nunua unga palepale. Ukifika nyumbani, weka zilizobaki mkononi mwa mke wako kabla hujavua viatu."

Wapendwa, mwezi wa kwanza ile njia ya soko ilikuwa kwetu ndefu kama kwenda Likasi kwa miguu. Katika mwezi wa pili tulianguka siku moja. Tukarudi kwa mzee na haya nyingi. Hakutugombeza. Alisema aliyejikwaa njiani hatumwi kurudi alikotoka. Anainuka na kuendelea kutoka hapo. Binti yule alirudi shuleni, na sasa amemaliza sekondari.

Miaka mingi kisha hayo tulisoma kwamba wenye elimu wamepima jambo hili. Mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama kunywa maji au kutembea, akalifunga kwenye jambo analofanya kila siku, kwa mfano kisha chakula cha asubuhi. Walifuatwa kwa siku 84. Kwa wale ambao hesabu yao ilionekana wazi, tendo lilihitaji kadiri ya siku 66 ili lifanyike lenyewe bila kujilazimisha. Kwa mmoja zilitosha 18, na kwa mwingine ilikadiriwa 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kujengwa. Tulipofika hapo tulicheka peke yetu, kwa sababu mzee wetu hakuwahi kuona London.

Tuangalie basi nyumbani mwetu: tendo gani lipo tayari, ambalo tunaweza kulibebesha lingine? Kabla ya bukari, bakuli la maji linapita. Ni desturi ya wazazi wetu, nzuri sana, lakini inakosa vitu viwili. Sabuni, na mtu wa kumwaga maji kutoka katika kopo, ili wote wasizamishe mikono katika maji yaleyale. Kipindupindu kinapita kwa mikono, chakula na maji machafu. Mwaka 1994, kule Goma, kiliua maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Kipande cha sabuni kando ya bakuli hakihitaji mkutano wala mchango.

Kadhalika jioni. Tumekwisha kula, watoto bado wamekaa. Kwetu, hapo ndipo kila mmoja anasema jambo moja la kumshukuru Mungu siku ile, hata mdogo kabisa, ambaye kwa majuma mawili alishukuru kwa mandazi tu. Kisha mama anafungua daftari, tunaandika kilichoingia na kilichotoka, na fungu la likelemba linatengwa mbele ya macho ya wote. Inachukua dakika kumi. Magomvi ya franka hayajaisha kabisa, tusiwadanganye, lakini hayaanzi tena usiku wa manane.

Kwa yule mama tunasema hivi: acha kwanza zile ahadi saba. Chagua moja. Itafutie saa, mahali, na tendo la zamani la kuifunga. Ukikosa leo, fanya kesho, usingoje Januari. Jumapili ijayo, kisha ibada, tutamwuliza jambo moja tu: amechagua saa ngapi.