Theluji ya Aprili: Uliza Kwanza Kuhusu Usiku

Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Ulaya hupata nafasi ya kwenda kuteleza kwa skii shule zikifungwa kwa Pasaka. Sikukuu hiyo inaweza kuangukia Jumapili yoyote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na katika milima ya Alpi wiki hizo tano hubadili theluji kabisa. Anayeifahamu theluji ya majira haya hufurahia likizo yake kuliko wale wa Januari wanaotetemeka kwa baridi. Asiyeifahamu hurudi na goti lililovimba.

Wengi huuliza mchana kutakuwa na joto kiasi gani. Swali lenye faida zaidi ni hili: je, usiku uliopita theluji iliganda? Mbingu ikiwa safi usiku, theluji hupoteza joto lake kuelekea angani, na uso wake huweza kuganda hata kama hewa iko nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, sehemu kubwa ya joto hilo hurudi chini. Theluji haigandi, na asubuhi unaikuta tepetepe. Ndiyo maana usiku wa mawingu na vuguvugu huharibu siku kuliko jua kali la mchana.

Usiku ukiwa mzuri, siku huwa na mpangilio wake. Saa mbili na nusu asubuhi njia ni ngumu, karibu barafu tupu, na skii zisizonolewa kingo hazishiki. Huu si wakati wa kumfundisha mtu anayeanza. Kama shule ya skii ina kundi la saa nne, lipie hilo. Kuanzia hapo jua hulainisha sentimita chache za juu, huku chini kukiwa bado kugumu, na chembe za theluji zilizoyeyuka na kuganda mara nyingi huwa kubwa na za mviringo. Skii hugeuka kwa urahisi, na hata ukianguka huumii sana. Baada ya chakula cha mchana theluji huwa uji mzito. Skii hukwama ghafla ilhali mwili unaendelea mbele, na goti ndilo linaloumia. Teremka mapema, tena kwa lifti, kwa sababu njia za mwisho zinazoingia kijijini ndizo zenye maji, mawe na watu waliochoka.

Saa hizo hutegemea pia upande wa mlima. Miteremko inayotazama mashariki hulainika kwanza, kisha ya kusini, halafu ya magharibi. Ya kaskazini huhifadhi baridi muda mrefu zaidi. Anza mashariki, ulifuate jua, na usikae sehemu moja kutwa. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya husogezwa mbele. Tangu siku hiyo theluji huchelewa kulainika kwa saa nzima ukitazama saa yako ya mkononi.

Kimo nacho kina uzito wake. Mji wa Kitzbühel, Austria, uko kama mita 760 juu ya usawa wa bahari. Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, tofauti kati ya vijiji hivyo hukaribia nyuzi 10. Pasaka ikiangukia mwishoni mwa Aprili, ushauri wangu ni mmoja: chagua kijiji cha juu, hata kama nyumba zake ni ghali zaidi. Katika utabiri, tafuta kimo cha nyuzi sifuri. Kikifika mita 3,000 na mvua ikawa njiani, hata Val Thorens itanyeshewa maji.

Jambo lingine linatoka Afrika. Majira haya pepo huweza kubeba vumbi la Sahara hadi Alpi, kama ilivyotokea Machi 2022 theluji ilipogeuka rangi ya machungwa. Theluji yenye vumbi hufyonza jua zaidi na huyeyuka upesi.

Hatari kubwa iko nje ya njia zilizotengenezwa. Maji ya theluji inayoyeyuka hupenya ndani na kulegeza tabaka, hadi mteremko mzima uporomoke, wakati mwingine kuanzia ardhini. Ukiona madonge yakijiviringisha yenyewe, ukizama hadi kwenye muundi, au ukiona nyufa pana juu ya mteremko wa majani, ondoka na usipite chini yake. Taarifa za maporomoko, kama zile za taasisi ya SLF ya Davos, hutumia viwango 1 hadi 5, na majira haya hatari ya alasiri huweza kupita ya asubuhi. Usikichukulie kiwango cha 3 kuwa cha wastani kwa sababu kiko katikati: vifo vingi hutokea siku za kiwango hicho. Njia ikifungwa adhuhuri, usivuke kamba.

Ngozi nyeusi isikudanganye. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma, na macho hayana kinga dhidi yake. Vaa miwani ya mlimani hata kukiwa na mawingu, na uwavalishe watoto.

Hakikisha bima yako inalipia helikopta ya uokoaji. Namba ya dharura 112 hupatikana Ufaransa, Italia, Austria na Uswisi. Waokoaji wa milimani Austria hupigiwa 140, na helikopta za Uswisi 1414. Ziandike kwenye simu yako kabla ya kupanda lifti ya kwanza.