Askari Aliyefika wa Pili

Mtoto wa Uru aliyepata kutumwa sokoni Moshi aijua njia ya kurudi nyumbani. Kwenda ni mtelemko. Kurudi ni kupanda, katikati ya migomba na mibuni, na mzigo u kichwani. Akitoka mjini mbio, pumzi humwisha kabla hajafika nusu ya njia, na bibi kizee aliyemwacha nyuma humpita akitembea polepole. Basi kumbuka njia hiyo usomapo habari hii.

Juma Ikangaa alizaliwa mwaka 1957, akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tena mkimbiaji wa masafa marefu. Askari aendaye safari na timu hasafiri kwa ajili ya nafsi yake tu. Nguo aivaayo ina alama ya nchi yake. Akishinda, wengi hufurahi. Akishindwa, hana pa kujificha.

Mwaka 1982 Ikangaa alisafiri na timu ya Tanzania mpaka Brisbane, katika nchi ya Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Yeye na mwenziwe, Gidamis Shahanga, walitangulia mapema, wakawaacha wengine mbali. Lakini Robert de Castella, mwenyeji wa nchi ile, aliwafuata kwa subira, wala hakufanya haraka. Karibu na mwisho akamfikia Ikangaa. Wakapitana, mara huyu mbele, mara yule. Hatimaye de Castella akashinda kwa sekunde 12 tu.

Je, Ikangaa aliacha kukimbia? La. Mwaka 1988 alikwenda Boston, Marekani, na Ibrahim Hussein wa Kenya akamshinda kwa sekunde 1. Mwezi wa Aprili 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Kufika wa pili si ajabu. Ajabu ni kurudi pale pale uliposhindwa, mbele ya watu wale wale walioona.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikimbia New York. Safari hii hakuna aliyempita. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na mpaka siku ile hapakuwa na mtu aliyeikimbia njia hiyo upesi kama yeye. Hata hivyo, mwaka 1990 alikwenda Boston mara nyingine, akafika wa pili. Ushindi haukumwondolea kushindwa. Wala kushindwa hakukumwondolea ushindi.

Miaka mingi baadaye askari mwingine wa jeshi lilo hilo, Alphonce Simbu, alifika wa pili Boston, mwezi wa Aprili 2025. Hakukata tamaa. Tarehe 15 Septemba mwaka huo, mjini Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walifika mwisho karibu pamoja, hata wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ilipotazamwa, Simbu alikuwa ametangulia kidogo sana, akawa bingwa wa dunia.

Basi, wewe uliyeshindwa katika michezo ya shule au katika mtihani, usiseme, "Mwenzangu alipendelewa." Mpe mkono, kisha ujiulize, "Nilichoka wapi?" Wazee husema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

MASWALI

1. Kwa nini mtoto atokaye Moshi mbio huchoka kabla ya kufika Uru?
2. De Castella alimshindaje Ikangaa?
3. Ikangaa alifika wa pili Boston mara ngapi? Taja miaka.
4. Eleza kwa maneno yako: "Ushindi haukumwondolea kushindwa."
5. Andika habari ya siku uliyoshindwa, na jambo ulilojifunza.