IMANI NA SHERIA: Tofauti yetu na Wakristo iko wapi hasa?

Katika mihadhara ya kulinganisha dini, ambayo wengi wetu tumekua tukiisikiliza viwanjani na kwenye kanda, kuna maneno mawili yasiyokosekana. Muislamu humwambia Mkristo: ninyi mmefundishwa kuamini tu, kisha mfanye mtakalo. Mkristo naye hujibu: ninyi mnataka kuinunua Pepo kwa rakaa na funga. Mimi ni mwalimu wa somo la dini, na wanafunzi wangu huja darasani wameyashika maneno hayo kama silaha. Tuyapime basi, ndugu msomaji, kwani yote mawili hayasimami.

Tuanze kwa Wakristo. Paulo, katika barua yake kwa Warumi (3:28), anafundisha kuwa mtu huhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa imani, bila ya matendo ya sheria. Yakobo naye (2:24) anasema ni kwa matendo, wala si kwa imani pekee. La ajabu ni kwamba shahidi wao wote wawili ni mmoja, Nabii Ibrahim (AS). Paulo anamchukua Ibrahim wa Mwanzo 15, aliyeamini ahadi ya kupata kizazi kabla hata hajatahiriwa. Yakobo anamchukua Ibrahim wa Mwanzo 22, aliyemlaza mwanawe juu ya madhabahu.

Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliongeza neno "pekee" katika Warumi 3:28, neno ambalo halimo katika Kigiriki, na barua ya Yakobo akaifananisha na majani makavu. Wakatoliki wakamjibu katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547. Ilibidi wangoje hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, ndipo Vatican na shirikisho la makanisa ya Kilutheri duniani wakatia saini tamko la pamoja: mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema ni matunda ya neema hiyo. Na Paulo mwenyewe, katika Warumi 6, anauliza kama tuendelee kutenda dhambi ili neema izidi, na anajibu hasha. Mhadhiri anayesema Wakristo wameruhusiwa kutenda watakalo, hajaifikia sura hiyo.

Sasa tuje kwetu. Mjadala huu nasi tumeupitia, na mapema sana. Baada ya vita vya Siffin, mwaka 657, Makhawarij walisema Muislamu anayetenda dhambi kubwa ametoka katika Uislamu. Wakatokea Murji'a, na waliopindukia miongoni mwao wakasema maadamu mtu ana imani, dhambi haimdhuru kitu. Wanazuoni wa Ahlu Sunna walikataa ncha zote mbili. Wengi wao walisema imani ni kukiri kwa ulimi, kusadiki kwa moyo na kutenda kwa viungo, inazidi na inapungua. Imam Abu Hanifa hakuyaingiza matendo katika maana ya neno imani, ila naye hakumwachia mtu swala.

Kuna aya moja ambayo huwa nakaa nayo darasani kipindi kizima. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baitul Maqdis kwenda Makka, Masahaba waliingiwa na wasiwasi juu ya ndugu zao waliokufa wakiwa wameelekea kibla cha kwanza. Swala zao zitakuwaje? Ikateremka 2:143, na ndani yake Allah (SW) anawahakikishia kuwa hakuwa mwenye kuipoteza imani yao. Wameulizia swala, wamejibiwa imani! Imam Bukhari akaitumia aya hii katika Kitabu cha Imani kuonyesha kuwa swala ni sehemu ya imani. Upande wa pili kuna 49:14, ambapo mabedui waliosema wameamini waliambiwa waseme tumesilimu tu, kwa sababu imani ilikuwa bado haijaingia nyoyoni mwao.

Na Pepo hainunuliwi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), Mtume (SAW) alisema hakuna ambaye amali yake itamwokoa. Akaulizwa, hata wewe? Akasema hata yeye, isipokuwa Allah amfunike kwa rehema Yake. Kisha akawahimiza watende kwa usawa.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika ugonjwa wenyewe, kabla ya dawa. Kwa Paulo (Warumi 5), dhambi iliingia kwa mtu mmoja, Adam, na sheria inakuja kumwonyesha mtu kuwa ni mwenye dhambi, hivyo anahitaji mwingine amlipie. Katika Qur'an, Adam alitubu akasamehewa (2:37), hadithi ikaishia hapo, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine (6:164). Sheria kwetu ni mwongozo, na katika aya ile ile ya funga ya Ramadhani tunaambiwa Allah anatutakia wepesi (2:185). Hapa ndipo tungepaswa kujadiliana na jirani zetu, kwa adabu.

Ila kinachonishughulisha zaidi si jirani. Ni kijana wa Kiislamu wa mjini, msomi, ana kazi nzuri, Ijumaa inampita, na ukimgusa anakwambia: "Ustaadh, Mungu anaangalia moyo." Maskini, hajui kuwa amewafufua Murji'a. Tena anadhani ana Hadithi mkononi, na kweli ipo, ameipokea Imam Muslim. Inasema Allah haangalii sura zetu wala mali zetu, bali anaangalia nyoyo zetu na matendo yetu. Haya maneno mawili ya mwisho ndiyo sijawahi kumsikia akiyataja.