KASUKU: PORINI NA NDANI YA TUNDU



Mwenzetu mmoja wa Mawengi ametuletea swali. Alikwenda Makambako kuuza viazi. Pale stendi akamkuta mtu ana tundu lenye ndege wawili wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya manjano, mdomo mwekundu. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hawa ni kasuku. Baada ya mwezi mmoja watakuamkia!" Je, anunue? Hebu tujifunze kwanza, ndipo tumjibu.

Kasuku ni ndege gani?

Kasuku ana mdomo uliopinda kama ndoana. Kila mguu una vidole vinne: viwili mbele, viwili nyuma. Hupanda mti kwa miguu na mdomo. Hula matunda na mbegu.

Wapo kasuku wa aina nyingi. Yule anayesifiwa kwa kusema ni mkubwa, wa kijivu, mkia mwekundu. Kwao ni misitu ya Kongo, Uganda na huko mbali upande wa Kagera. Wale wadogo wa stendi ni wa nyanda kavu za katikati ya nchi yetu, kama Iringa na Dodoma. Huko hukaa makundi makundi, na hutaga ndani ya mashimo ya miti kama mibuyu. Mti wenye shimo ukikatwa, nyumba yao imekwisha.

Kwa nini kasuku husema?

Watu husema, "Fulani anasoma kama kasuku," maana yake anakariri bila kuelewa. Lakini kasuku ana sababu yake. Porini haishi peke yake. Huwaita wenzake na kuiga sauti zao. Akifungiwa peke yake, anaiga sauti za watu, kwa kuwa hana wenzake wengine. Upweke ukizidi, wengine hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi inaonekana.

Hasara ya biashara hii

Kasuku wa kijivu hutaga mayai matatu au manne tu, na makinda hukaa shimoni karibu miezi mitatu. Hawaongezeki upesi kama kuku. Wengi wanaokamatwa hufa njiani kwa kubanwa, kiu na hofu.

Katika miaka ya 1980, kasuku wadogo wa kaskazini mwa Tanzania waliuzwa nchi za nje maelfu kwa maelfu, wakapungua sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara hiyo ikasimamishwa. Mwaka 2007 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuingiza ndege wa porini. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini.

Basi, mzee anunue?

Hapana! Tena kwa sababu tatu.

Kwanza, atadanganywa. Wale wadogo hupiga kelele tu. Ni nadra sana kusema. Hawatamwamkia kamwe.

Pili, atavunja sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuweka wanyama wa porini, pamoja na ndege, bila kibali.

Tatu, afya. Kasuku mgonjwa anaweza kumwambukiza mtu. Vumbi la kinyesi chake likivutwa puani, mtu hupata homa, kichwa na kikohozi. Ukipatwa na hayo baada ya kukaa na kasuku, nenda zahanati, na umweleze mganga habari za huyo ndege.

Kama tayari unaye, usimwachie tu huku kwetu milimani. Baridi na njaa vitamuua. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kasuku wa tunduni huiga sauti za watu?
2. Kukata mti mkubwa wenye shimo kunamdhuru nani?
3. Muuzaji wa stendi alisema uongo gani?
4. Je, kijijini kwenu wapo ndege waliopungua? Ni nini sababu yake?

Msijibu kama kasuku. Jibuni kwa maneno yenu wenyewe.