Mbegu ya Muhogo na Habari ya Simu

Tangu zamani tuna desturi njema: jirani akikosa mbegu ya muhogo, twamkatia miti shambani mwetu, wala hatumdai kitu. Lakini siku hizi yatupasa kuangalia sana, kwa maana pamoja na miti ile twaweza kumpelekea njaa.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa. Wa kwanza ni batobato: majani hupata mabaka ya manjano, hujikunja na kudumaa. Wa pili ni michirizi ya kahawia, ambao mtaalamu H. H. Storey wa Amani, katika Usambara, aliandika habari zake mwaka 1936. Huu hudanganya macho: mti waweza kusimama vizuri, kumbe mizizi imeoza chini. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, tena na sisi wenyewe tukipeana mbegu mbaya. Dawa ya kuyaponya hakuna.

Hapo ndipo simu ya mkononi inapofaa. Wataalamu wa chuo cha Pennsylvania State University cha Marekani, pamoja na wa IITA, walitengeneza programu iitwayo Nuru. Mkulima huelekeza simu kwenye jani, nayo humwambia kwa Kiswahili ugonjwa ulioonekana, hata mahali pasipo na intaneti.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tusiamini jani moja. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2020, jani moja lilileta jibu la kweli kama mara 65 katika 100. Yalipotazamwa majani sita ya mti mmoja, majibu ya kweli yalizidi.

Pili, simu huona jani, haioni mzizi. Kwa hiyo kabla ya kukata mbegu tung'oe mti, tupasue mizizi yake kwa kisu. Tukiona madoa ya kahawia ndani, miti ya shamba lile isiwe mbegu.

Tatu, wengi hawana simu ya namna hii. Aliye nayo asiifanye habari kuwa mali yake peke yake, bali aende shambani kwa mjane na kwa mzee, awatazamie mihogo yao.

Kumpa jirani mbegu ni upendo. Lakini pengine upendo ni kumwambia, "Ndugu yangu, hii sikupi, twende tukatafute iliyo safi." Neno hili ni zito kinywani, walakini lafaa kuliko mzigo wa miti yenye ugonjwa.