Kwa nini betri ya pesimeka haibadilishwi kama ya simu?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na tunaishi naye hapa Njiru. Miaka minane iliyopita alikuwa akizirai mara kwa mara, akawekewa pesimeka kifuani. Wiki jana kliniki ilituambia betri imebakisha muda mfupi, lazima apasuliwe tena, kifaa chote kitolewe na kiwekwe kipya. Tumeshangaa. Fundi wa simu hapa steji hubadilisha betri kwa dakika kumi. Kwa nini wasitoe betri peke yake, au waichaji? Na je, inaweza kuzima usiku? Mama sasa anaogopa kulala peke yake. – Msomaji, Njiru.

JIBU: Hofu ya usiku ndiyo ya kujibiwa kwanza. Kwa kawaida pesimeka haikatiki ghafla kama tokeni za stima zinavyokatika chapati zikiwa jikoni. Kliniki iliyosema betri imebakisha muda mfupi imeona onyo ambalo wahandisi waliliweka makusudi, lijitokeze mapema, kifaa kikiwa bado kinafanya kazi. Kwa modeli nyingi, onyo hilo likishatokea hubaki takriban miezi mitatu kabla betri haijafika mwisho. Mama anaweza kulala. Lisilofaa ni jamaa zake kuilalia hiyo miezi mitatu.

Kuhusu fundi wa simu, swali ni zuri kuliko linavyoonekana, maana wahandisi wenyewe walihangaika nalo kwa miaka mingi.

Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Pesimeka huusikiliza, na pigo linapochelewa hutuma msukumo mdogo wa umeme kupitia waya uliopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye msuli wa moyo. Msukumo huo hauchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana matumizi ni madogo ajabu: kifaa kizima hula takriban maikroampea 10 hadi 20, na ampea moja ina maikroampea milioni. Betri ya simu ya kawaida siku hizi imeandikwa mAh 5,000, na bado jioni mwenyewe anaazima chaja. Ya pesimeka huwa na kama mAh 1,000, moja ya tano tu. Zikitumika kwa maikroampea 12, hizo mAh 1,000 zinafika saa 83,000 na ushei, yaani miaka tisa na nusu. Mama wa Njiru amepata minane. Hajapunjwa.

Sasa mahali kifaa kinapokaa. Simu ikitumbukia kwenye karai la maji, watu huifukia kwenye mchele na kuomba Mungu. Pesimeka imelala chini ya ngozi, karibu na mtulinga, katika majimaji ya mwili yenye chumvi, usiku na mchana kwa miaka. Kwa sababu hiyo betri na sakiti hufungiwa pamoja ndani ya kasha la titani, madini ambayo mwili huyavumilia, na ukingo wa kasha huchomelewa kwa leza pande zote. Hakuna skrubu wala kifuniko. Mlango wowote wa kutolea betri ungekuwa pia mlango wa kuingizia maji, na tone moja la maji ya chumvi linatosha kuharibu sakiti.

Ufundi huo haukupatikana siku moja. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimwekea Arne Larsson, mwanamume wa miaka 43 aliyekuwa akizirai mara nyingi kwa siku, pesimeka ya kwanza duniani kukaa yote ndani ya mwili. Mhandisi Rune Elmqvist aliiunda kwa transista mbili na betri za nikeli na kadimiamu, akaimwagia gundi ya epoksi. Kalibu aliyotumia kuipa umbo ilikuwa mkebe wa rangi ya viatu wa Kiwi, uleule unaojulikana na kila mtoto wa shule wa Eastlands. Na betri hiyo ilikuwa ya kuchaji: koili iliwekwa juu ya ngozi, nishati ikapita hadi ndani bila waya. Kwa hiyo wazo la msomaji ndilo lililoanza. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikawekwa kingine. Larsson alibadilishiwa pesimeka zaidi ya 20 maishani, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya daktari wake na mhandisi wake wote wawili kufariki.

Huko Buffalo, Marekani, Wilson Greatbatch alishika njia nyingine. Alikuwa akiunda mashine ya kurekodi sauti za moyo alipochomeka resista yenye thamani isiyo sahihi, na sakiti ikaanza kutoa mapigo yaliyofanana na ya moyo. Pesimeka zake zilianza kuwekwa ndani ya wagonjwa mwaka 1960, zikitumia betri za zebaki na zinki. Betri hizo zilikuwa na mikosi miwili. Wa kwanza, nyingi zilidumu kama miaka miwili tu, kisha kisu tena. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi: zilitoa gesi ya haidrojeni, na kitu kinachotoa gesi hakiwezi kuzibwa kabisa. Epoksi iliachia gesi itoke, lakini ikaachia na unyevu wa mwili uingie.

Wafaransa walijaribu dawa kali. Mwaka 1970 jijini Paris mgonjwa aliwekewa pesimeka inayoendeshwa na plutoniamu, madini ya nyuklia ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa takriban miaka 88. Ilidumu kweli, lakini kila kifaa kilihitaji kufuatiliwa hadi mgonjwa anapofariki, ili plutoniamu isipotelee makaburini.

Suluhu iliyoshinda ilikuwa betri ya lithiamu na iodini, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1972 nchini Italia na ambayo Greatbatch aliipigia debe kiwandani kwake. Ndani yake hakuna maji wala asidi ya kuvuja, na haitoi gesi. Lithiamu inapokutana na iodini, utando mwembamba wa chumvi yabisi hujiunda katikati, na utando huo ndio unaopitisha umeme. Ukipasuka, hujiziba wenyewe. Kwa kuwa hakuna gesi, kasha likaweza kuzibwa kabisa, na kuanzia hapo pesimeka ikawa kitu cha miaka, si cha miezi.

Faida yake nyingine ndiyo inayomlinda mama usiku. Kadiri utando unavyonenepa, umeme hupata shida kupita, na volti zinashuka taratibu kutoka 2.8, hatua kwa hatua, bila kuporomoka. Kushuka huko ndiko kompyuta ya kliniki husoma. Hata kabla ya kompyuta, daktari anaweza kuweka sumaku juu ya kifaa na kuhesabu: modeli za kampuni moja kubwa hupiga mara 85 kwa dakika betri ikiwa nzuri, na 65 ikiwa imefika wakati wa kubadilishwa. Vifaa vipya zaidi huchanganya lithiamu na kemikali nyingine, kama manganizi au madini ya fedha na vanadiamu, kwa sababu sasa vinatuma taarifa kwa redio na vinahitaji nguvu zaidi kwa mkupuo. Sheria ya kushuka kwa adabu haijabadilika.

Kuchaji basi kuliachwa kwa sababu gani? Betri ya kuchaji huvuja nguvu hata isipotumika, na huchoka kila inapochajiwa, kama ya simu ya mwaka wa tatu. Juu ya hayo, mgonjwa akisahau, akilazwa au akizeeka akili, moyo wake unabaki mikononi mwa chaja. Vifaa vya kuchaji vipo mwilini, lakini kwa kazi nyingine: vichocheo vya mishipa ya fahamu vya kutuliza maumivu ya mgongo, kwa mfano, hula nguvu nyingi, na vikizima mtu anaumwa, hafi. Kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni kwa kawaida huacha betri yake nje, nyuma ya sikio.

Mashabiki wa Manchester United wanakijua kisa cha binamu mkubwa wa pesimeka. Mchezaji Christian Eriksen alianguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, moyo ukasimama, akaokolewa na kuwekewa difibrileta kifuani. Mwaka uliofuata alikuwa Old Trafford, akiichezea United. Betri ya kifaa hicho, ya volti tatu hivi, hukaa kimya hata miaka, kisha moyo ukivurugika hutakiwa kujaza kapasita hadi volti 700 au zaidi kwa muda wa kama sekunde kumi, na kuachilia mshtuko mmoja. Hapo ndipo makosa madogo yanakuwa makubwa. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kuwa ndani ya baadhi ya difibrileta zake vijipande vya lithiamu vilijikusanya na kuunganisha sehemu zisizopaswa kugusana, na betri zikaisha kwa siku au wiki chache. Onyo hilo lilihusu difibrileta, si pesimeka za kawaida kama ya mama wa Njiru, lakini linaonyesha kwa nini kliniki haziruki miadi ya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe pia hurefusha maisha ya betri. Mara baada ya upasuaji, kifaa hupangwa kitoe volti za juu kwa usalama. Waya ukishatulia kwenye moyo, daktari hupima kiasi kidogo kinachotosha na kupunguza. Volti zikishushwa kwa nusu, nishati ya kila pigo hushuka hadi robo. Mgonjwa asiyerudi kliniki huenda akachoma betri bure kwa miaka, kama taa ya nje inayoachwa ikiwaka mchana.

Jamaa wa mama wanapaswa kujua pia kwamba onyo likishatokea, baadhi ya pesimeka hujipunguzia kazi ili kuhifadhi nguvu, zikapiga kwa kasi moja isiyobadilika. Mama anaweza kuchoka akipanda ngazi au kuishiwa pumzi kuliko zamani. Hilo liripotiwe kliniki. Akizirai, au kizunguzungu kikali kikirudi, apelekwe hospitali iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki, bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Upasuaji wa kubadilisha kwa kawaida ni mfupi kuliko ule wa kwanza. Ganzi huwekwa pale kifuani tu, kovu la zamani hufunguliwa, kasha hutolewa, nyaya hupimwa, na zikiwa nzima huachwa mahali pake na kuchomekwa kwenye kasha jipya. Mara nyingi huchukua kama saa moja. Hatari ya kuchunga ni maambukizi, ambayo hutokea zaidi wakati wa kubadilisha kuliko mara ya kwanza. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa usaha au joto la mwili likipanda, asipakwe dawa ya dukani. Arudi kwa waliompasua.

Gharama ndiyo inayowafanya wengi wailalie miezi hiyo mitatu. Kifaa kipya hufika laki kadhaa za shilingi. Bima ya afya ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hiyo yaliyolipwa miaka minane iliyopita si lazima yalipwe leo. Ni vyema hospitali iandike mapema kipi kitalipwa na kipi kitabaki kwa familia. Kuna pia njia ambayo Kenya imeshiriki kuijaribu. Mradi wa My Heart Your Heart wa Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya pesimeka kutoka kwa waliofariki, kupitia nyumba za mazishi za Marekani, huchagua zile ambazo betri bado ina miaka mbele, huzisafisha na kuzipima upya. Zilijaribiwa kwa wagonjwa wasioweza kununua mpya katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na matokeo yaliyotangazwa Novemba 2024 hayakuonyesha kuwa ni duni kuliko mpya. Daktari wa moyo ndiye wa kuulizwa kama nafasi ipo.

Nyumbani Njiru, stima ikipotea hakuna kinachobadilika kifuani mwa mama. Matatu yenye spika za kutetemesha vioo vya Kangundo Road haimdhuru akiwa abiria, mradi asiegemeze kifua kwenye spika yenyewe. Mafundi wa juakali wanaochomelea vyuma awapite bila kusimama karibu na mashine. Mlinzi wa duka kubwa mwenye kigunduzi cha mkononi aonyeshwe kadi ya pesimeka, asikishikilie juu ya kifaa. Simu ikae angalau sentimita 15 mbali nacho, jambo linalomaanisha kwamba tabia ya akina mama wengi kuiweka kwenye sidiria baada ya kupokea M-Pesa italazimika kuhamia mkobani.

Siku ya kwenda kliniki, mwana aulize mambo matatu: tarehe ya upasuaji ndani ya ile miezi mitatu, hali ya nyaya, na kama kifaa kipya pamoja na nyaya za zamani vitaruhusu kipimo cha MRI. Mama atapewa kadi mpya. Ile ya zamani isitupwe, kwa kuwa nyaya za miaka minane iliyopita bado zitakuwa ndani ya moyo wake, na huenda modeli yake imeandikwa pale tu.