Kubadilisha Thamostati ya Tangi la Maji Moto



Thamostati hukata umeme maji yanapofikia joto lililopangwa, na kuurudisha yanapopoa. Ikiharibika, maji huweza kubaki baridi. Au umeme usikatike, maji yakachemka, na mvuke ukikosa pa kutokea tangi likapasuka. Bomba likitoa maji pamoja na mvuke, zimeni hita mara moja.

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Hata hivyo, mwenye nyumba azijue hatua zake ili aisimamie:

1. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na fundi ahakikishe kwa kipimo kwamba nyaya hazina umeme.

2. Kifuniko kifunguliwe, na mahali pa kila waya papigwe picha.

3. Thamostati ya fimbo ichomolewe taratibu. Tangi halimwagwi maji, kwa kuwa fimbo hukaa ndani ya mrija uliozibwa.

4. Thamostati mpya ilingane na ya zamani kwa urefu wa fimbo na kwa ampea.

5. Joto lipangwe nyuzi 60 za Selsiasi, kwani bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya vuguvugu.

6. Kifuniko kirudishwe, na umeme uwashwe tangi likiwa limejaa.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Mnapowaogesha watoto, tangulizeni maji baridi katika beseni. Aidha, valvu ya usalama isizibwe kamwe, hata ikidondosha maji: ndiyo kinga ya mwisho thamostati inaposhindwa.